Programu huria au za kulipia? Mwongozo kamili wa kuchagua na kuhama bila kusimamisha kazi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na siku hiyo hiyo ikaziacha Office 2016 na Office 2019. Kompyuta hazikuzimika. Kesho yake ziliwaka kama kawaida kwenye steshenari za Nkuhungu hapa Dodoma, kwenye ofisi za walimu Kongwa na Mpwapwa, kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Kilichokoma ni masasisho ya bure ya usalama, ingawa kwa Windows 10 yenyewe Microsoft iliongeza muda hadi Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Shida ni kwamba laptopu nyingi tunazonunua huku ni mitumba yenye prosesa za Intel za kizazi cha sita au cha saba, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Mwenye mashine hiyo anaambiwa anunue nyingine, wakati aliyo nayo bado inafanya kazi vizuri.

Kabla ya kulinganisha chochote, kuna jambo ambalo miongozo mingi inalikwepa. Kwetu LibreOffice haishindani na Microsoft Office iliyolipiwa. Inashindana na Office ya kukraki, yaani iliyovunjwa leseni, ile fundi anayokuwekea pamoja na nyimbo na muvi unaponunua mashine. Kwa hiyo njia ni tatu. Ya kwanza ni kulipa: kwa bei ya Marekani, Microsoft 365 Personal ni dola 99.99 kwa mwaka, na Office Home 2024 ya kununua mara moja ilitoka mwaka 2024 kwa dola 149.99. Ya pili ni kukraki. Ya tatu ni programu huria, ambazo leseni yake inakuruhusu kuzitumia, kuzinakili na kumgawia jirani bila kumwomba mtu.

Hiyo ya pili naomba uachane nayo kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki, lakini hata ukiiweka sheria pembeni, kiprogramu cha kuidanganya leseni hudai kwanza uzime antivirusi. Unakizimia ulinzi kitu kilichoandikwa na mtu usiyemjua, kwenye mashine ile ile unayofungulia barua pepe na akaunti ya benki. Kati ya njia mbili zinazobaki, sina ushabiki. Kuna watu nitawaambia humu wabaki na programu ya kulipia, na nitasema kwa nini.

Jambo jingine dogo: bure si lazima iwe huria. WPS Office na DaVinci Resolve hupatikana bila kulipa, lakini kampuni inayozimiliki inaweza kesho kufunga kipengele ulichokizoea au kuweka matangazo. Mwongozo huu ni wa programu ambazo hakuna anayeweza kukunyang'anya.

Hatua ya kwanza: orodhesha mafaili yako, usiorodheshe programu

Chukua karatasi. Kwa kila kazi unayofanya kwenye kompyuta andika mambo matatu: unafungua faili gani, nani mwingine analihariri, na mwishoni linatoka kwa sura gani. Linachapwa? Linatumwa kama PDF? Au linakwenda kwa mtu atakayeendelea kuliandika?

Hilo la kati, la nani mwingine anahariri, ndilo linaloamua karibu kila kitu. Mwalimu anayetunga mtihani, akauchapa na kuurudufu, hana mtu mwingine wa kumfikiria. Anaweza kuhama leo. Katibu wa VICOBA anayetunza hisa na mikopo ya wanachama kwenye jedwali lake mwenyewe naye vivyo hivyo. Mtumishi wa serikali kwenye ofisi za Mtumba anayepokea rasimu yenye marekebisho ya watu watano, yote yamefanyiwa kwenye Word, na anayetakiwa kujibu ndani ya rasimu hiyo hiyo, aende polepole sana. Mhasibu mwenye vitabu vya QuickBooks asihame kokote mwaka wa hesabu ukiwa katikati.

Ukimaliza, tazama tena karatasi uone ni kazi ngapi zinafanyikia ndani ya kivinjari. NeST ya zabuni, Ajira Portal, mifumo ya TRA, barua pepe, mikutano ya video: hizi zinahitaji kivinjari kizuri na intaneti. Watu wengi hushangaa hapa, kwa sababu walidhani kazi yao yote iko ndani ya Office, kumbe wanachokihitaji hasa ni Firefox na mahali pa kuandikia barua.

Hatua ya pili: linganisha kazi kwa kazi

Nyaraka, majedwali na mawasilisho ndiyo sehemu kubwa, basi tukae hapo. LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice na inasimamiwa na The Document Foundation. Ndani yake kuna Writer wa kuandikia, Calc wa majedwali, Impress wa mawasilisho na Draw wa michoro. Ukiwa umezoea sana sura ya Word na hutaki kujifunza upya, ipo pia ONLYOFFICE, nayo ni huria, na vitufe vyake vimepangwa karibu sana na vya Microsoft.

Kwa barua, CV, ripoti, andiko la mradi na hata tasnifu yenye yaliyomo yanayojitengeneza yenyewe, Writer inatosha kabisa. Inatoa PDF nzuri, na inafungua nyaraka za zamani ambazo Word mpya husitasita kuzifungua. Inapozidiwa ni kwenye waraka wenye visanduku vya maandishi vilivyorundikwa juu ya picha, fomu zenye sehemu maalumu za kujaza, na michoro ya SmartArt, ambayo inageuka kuwa maumbo ya kawaida yasiyoharirika kama awali. Kama fomu ya mfadhili imejengwa hivyo, ijaze kwa Word au kwa Word ya bure ya kwenye kivinjari.

Calc nayo ni imara kuliko inavyosifiwa. Tuchukue jedwali la matokeo la shule ya sekondari. Alama ziko safu ya D, na daraja linatafutwa kwa viwango vya kidato cha nne:

=IF(D2>=75,"A",IF(D2>=65,"B",IF(D2>=45,"C",IF(D2>=30,"D","F"))))

Fomula hii inafanya kazi kwenye Excel na kwenye Calc bila kubadilishwa herufi hata moja. Nafasi ya mwanafunzi kwa RANK, wastani kwa AVERAGE, kuvuta jina kwa VLOOKUP, yote yapo. XLOOKUP, ambayo watumiaji wa Excel mpya wameizoea, iliingia LibreOffice toleo la 24.8 mwaka 2024. Ukifungua Calc ukakuta inadai nukta mkato mahali ulipozoea kuweka mkato, nenda Tools > Options > LibreOffice Calc > Formula, ubadilishe kwenye Separators.

Excel inashinda wazi wazi mahali pawili. Kwanza, Power Query na Power Pivot: anayevuta data kutoka vyanzo vingi na kuisafisha kila mwezi kwa njia hizo hatapata kitu kinacholingana ndani ya Calc. Pili, makro za VBA, yaani amri zinazofanya kazi zenyewe ndani ya jedwali: Calc inaelewa baadhi na nyingine inakwama. Ofisi yenye jedwali la bajeti lililojaa makro alizoandika mtu ambaye ameshahamishwa kituo isiliguse. Wanunue leseni ya mashine hiyo moja, na zilizobaki ziwe na LibreOffice. Mchanganyiko wa namna hiyo ni halali na una akili.

Sasa wenye steshenari, hili ni lenu na lina tarehe. Microsoft Publisher, ambayo kadi za mchango, za harusi na matangazo ya msibani mengi ya mji huu yametengenezewa, inafikia mwisho wake Oktoba 2026. Walio na Microsoft 365 hawataweza tena kufungua mafaili ya Publisher kwa programu hiyo. Wenye toleo la kununuliwa mara moja litaendelea kuwaka, ila bila huduma yoyote. Kama una folda yenye kadi za miaka mingi, fanya hivi kabla ya siku hiyo: fungua kila kazi unayoithamini ndani ya Publisher na uihifadhi pia kama PDF. Baada ya hapo jaribu kuifungua faili lenyewe, lenye mwisho wa .pub, kwa LibreOffice Draw. Draw inayasoma. Kadi rahisi huja nzima, maandishi yakiwa bado yanaharirika. Zenye madoido mengi ya herufi huja zimevurugika, na hizo utazijenga upya. Kwa kujenga upya tumia Inkscape kwa kadi na nembo, au Scribus kwa vipeperushi na vijitabu vyenye kurasa nyingi.

Picha: GIMP dhidi ya Photoshop. Photoshop tangu 2013 imekuwa ya kukodi. Ukiacha kulipa, inafunga. GIMP 3.0 iliyotoka Machi 2025 ilileta kile kilichokuwa kinalalamikiwa miaka mingi, yaani madoido unayoweza kuyarekebisha au kuyaondoa baadaye bila kuiharibu picha ya chini. Kwa picha za pasipoti, kubadili rangi ya nyuma, kusafisha picha ya zamani iliyoskaniwa, GIMP inakutosha. Lakini kama kazi yako ni mabango makubwa na wateja wanakuletea mafaili ya Photoshop yenye tabaka ngumu, au kiwanda cha kuchapa kinadai rangi za wino za uchapaji (CMYK) zilizopimwa, hapo Photoshop bado iko mbele, na mwenye biashara ya namna hiyo anapaswa kuilipia kama anavyolipia wino. Anayepokea kazi za CorelDRAW ajue kwamba Inkscape hufungua baadhi ya mafaili hayo. Ajaribu moja moja asiahidi kabla hajaliona.

Kwa wanafunzi wa UDOM, St. John's na Chuo cha Mipango wanaofanya tafiti: SPSS, programu ya kulipia ya takwimu, ina wapinzani wa kweli. PSPP inafungua mafaili ya .sav na menyu zake zinafanana na za SPSS. Jamovi ni rahisi zaidi na nzuri zaidi kwa macho. R ina nguvu kupita zote ila inataka uandike amri. Muulize msimamizi wako kwanza kama anakubali matokeo yaliyotoka nje ya SPSS, kwa sababu wengine hutaka jedwali lenye sura ile ile. Marejeo yawekee Zotero, ambayo inaingia ndani ya Word na ndani ya Writer pia. Na kwenye ramani QGIS sihitaji kuitetea. Wapimaji na wapangaji miji wengi wanaitumia kazini kila siku.

Yaliyobaki ni mepesi. VLC inacheza karibu kila muvi na muziki. 7-Zip inafungua zipu na RAR. Thunderbird inashika barua pepe mahali pa Outlook. Audacity ni ya sauti, Kdenlive na Shotcut ni za kukata video, na kanisa linalorusha ibada mtandaoni litumie OBS Studio hata kama lina fedha. Michoro ya ujenzi ya AutoCAD ni tofauti: LibreCAD inafaa mchoro mdogo bapa, lakini mhandisi anayebadilishana mafaili ya DWG na wenzake abaki alipo.

Hatua ya tatu: pakua kwenye chanzo chenyewe

Programu huria zina bahati mbaya moja: kwa kuwa ni bure, matapeli huzifungasha upya na vidudu vyao. Andika anwani mwenyewe: libreoffice.org, gimp.org, inkscape.org, videolan.org, mozilla.org. Usibofye matokeo ya juu ya utafutaji yaliyoandikwa kuwa ni tangazo. Ukikuta matoleo mawili, jipya kabisa na lililokomaa, kwa kazi ya ofisi chukua lililokomaa.

Kwa upande wa bando, LibreOffice ya Windows ni kama MB 350. Ipakue mara moja, uiweke kwenye flashi safi, uzungushe mashine zote za ofisi au za shule. Leseni inaruhusu, na hakuna namba ya siri ya kuingiza.

Wakati wa kusakinisha, chagua Custom, fungua Optional Components, kisha Dictionaries, uweke alama kwenye Swahili. Kamusi hiyo itapigia mstari vitenzi vingi vilivyo sahihi, hasa vyenye viambishi virefu, ila inakamata makosa ya vidole. Tuna historia yetu hapa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ni kazi ambayo ingestahili kuendelezwa na vijana wanaosoma kompyuta leo, na hakuna leseni inayowazuia.

Hatua ya nne: irekebishe kabla hujaanza kuilaumu

Malalamiko mengi ninayoyasikia juu ya LibreOffice yanatokana na mipangilio iliyoachwa ilivyo. Tenga nusu saa.

Anza na karatasi. Fungua Tools > Options > Languages and Locales. Kwenye Locale setting chagua Swahili (Tanzania). Mashine ikiachwa kwenye Kiingereza cha Marekani, waraka mpya huanzia kwenye karatasi ya Letter, ambayo ni fupi na pana kuliko A4. Unaandika barua inaishia vizuri mwisho wa ukurasa, unaichapa kwenye A4, na mistari haikai ulipoiacha; pengine saini imeruka ukurasa wa pili peke yake. Ukikutana na waraka wa zamani wenye tatizo hilo, ingia Format > Page Style, kwenye kichupo cha Page badilisha kuwa A4, kisha pitia kurasa zote kwa macho kabla ya kuchapa.

Pili, umeme. Nenda Tools > Options > Load/Save > General. Muda wa AutoRecovery huwa dakika 10, weka 2. Hapo hapo weka alama kwenye chaguo la kutunza nakala ya akiba, ili kila ukihifadhi, toleo lililotangulia libaki pembeni. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, mipangilio hii miwili ina thamani kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha hii.

Tatu, muundo wa kuhifadhi, kwenye ukurasa huo huo. LibreOffice kwa kawaida huhifadhi kwa ODF, muundo ulio kiwango cha ISO tangu 2006. Ushauri wangu: mafaili yako binafsi yaache kwenye ODF. Yanayohaririwa na watu wa Word yaanze kama docx na yaishie kama docx. Kinachoharibu waraka ni kuugeuza huku na huko, leo odt ya ODF kesho docx, kila safari ikiacha kovu lake. Wa kusoma tu, mtumie PDF. Kama karibu kila unachoandika kinakwenda kwa mtu wa Word, basi kwenye Always save as chagua Word yenye mwisho wa docx, na kwa majedwali Excel yenye xlsx, usiulizwe tena.

Nne, sura. View > User Interface, chagua Tabbed, na vitufe vitajipanga kwa vichupo kama ulivyozoea.

Tano, fonti. Ndani ya Windows Times New Roman, Arial na Calibri tayari zipo, kwa hiyo hapo huna tatizo kubwa. Kwenye Linux, mfumo endeshi huria tutakaoufikia hatua ya sita, LibreOffice hutumia Liberation Serif mahali pa Times New Roman na Carlito mahali pa Calibri. Herufi zake zina upana ule ule, hivyo mistari haihami. Anayesumbua ni Aptos, fonti ambayo Microsoft imeifanya ya kuanzia tangu 2023. Waraka ulioandikwa kwa Aptos ukifunguliwa pasipo na fonti hiyo unavimba au unanywea. Mwombe aliyeutuma abadilishe fonti, au wewe ibadilishe kwanza kabla hujagusa kitu kingine.

Hatua ya tano: jaribu kwa mafaili magumu

Usijaribu kwa barua ya nusu ukurasa. Chagua mafaili matatu yaliyowahi kukutoa jasho: ripoti ndefu yenye majedwali na namba za kurasa, jedwali lenye fomula nyingi, na wasilisho lenye picha. Yanakili, ufanyie kazi nakala. Fungua kila moja kwa programu mpya, hesabu kurasa ulinganishe na za awali, badilisha aya mbili tatu, hifadhi, kisha mtumie mwenzako mwenye Word alifungue. Akikuambia liko sawa, lichape kwa printa unayoitumia siku zote.

Kwa jedwali, linganisha jumla za mwisho na seli chache za katikati, hasa zenye tarehe. Kwa wasilisho, litoe pia kama PDF na ubebe zote mbili; projekta ya ukumbi haitakuuliza umetumia programu gani.

Programu mpya na ya zamani zinaweza kukaa kwenye mashine moja. Ziache pamoja hadi uone umepita kipindi kigumu cha kazi yako: mwisho wa muhula, kufunga hesabu za mwezi, msimu wa harusi. Kikipita bila wewe kurudi kwa ile ya zamani, umeshahama.

Hatua ya sita: mfumo endeshi, kama mashine yako inauhitaji

Hili lije mwisho. Aliyezoea Firefox, LibreOffice na VLC ndani ya Windows atazikuta zile zile ndani ya Linux, na mabadiliko yanabaki kuwa ya menyu na mahali pa kuzimia. Kwa laptopu iliyokataliwa na Windows 11 napendekeza Linux Mint. Matoleo ya familia ya 22 yanahudumiwa hadi 2029. Mashine ya RAM ya GB 4 ichukue ile nyepesi ya Xfce, ya GB 8 ichukue Cinnamon. Na kama diski ni ya kuzunguka, badilisha kwanza iwe SSD. Hakuna fedha nyingine utakayoitumia kwenye laptopu ya mtumba ikakurudia haraka hivyo.

Hamisha kwanza mafaili yote kwenye diski ya nje, na uyafungue machache kuhakikisha yamekwenda kweli. Ndani ya Windows angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker au Device encryption. Kama imefungwa, andika ufunguo wa kuifungulia kwenye karatasi. Zima pia Fast Startup. Pakua Mint kutoka linuxmint.com, karibu GB 3, na uiandike kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa Rufus au balenaEtcher. Kila kilichomo kwenye flashi hiyo kitafutika.

Zima mashine, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au Esc kisha F9 kwa HP. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapa usiwe na haraka. Unganisha Wi-Fi. Chomeka simu kwa waya ushiriki intaneti. Cheza sauti. Chomeka projekta. Kisha printa, ambayo ndiyo mara nyingi huamua: nyingi za HP hutambulika zenyewe, na Epson hutoa draiva ya Linux kwa printa nyingi za familia ya L, zile za tangi la wino zilizojaa steshenari. Kama kifaa kimoja unachokitegemea kimegoma, toa flashi, Windows yako iko pale pale.

Kikikubali kila kitu, endesha kisakinishi na uchague kuiweka kando ya Windows, sio kuifuta. Ukirudi siku moja upande wa Windows ukakuta saa imebaki nyuma saa tatu, haijaharibika: Linux hutunza saa ya mashine kwa majira ya dunia na sisi tuko saa tatu mbele. Ingia Mint, fungua Terminal, andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Baada ya kusakinisha, fungua Timeshift utengeneze nakala ya mfumo, na masasisho yaendeshe siku yenye intaneti ya kutosha badala ya kuyaachia yale bando la simu.

Mwenye steshenari atapata faida moja ya haraka. Vile virusi vinavyogeuza folda za flashi ya mteja kuwa njia za mkato haviendeshi kitu kwenye Linux. Unaichomeka flashi, unayaona mafaili halisi yaliyofichwa, unamchapia kazi yake, na mashine yako inabaki safi.

Hatua ya saba: kwa anayebaki na Windows

Kuondoa Office ya kukraki kupitia Settings > Apps hakutoshi, kwa sababu kiprogramu kilichoiwasha mara nyingi kimejiombea ruhusa ya kutokaguliwa. Fungua Windows Security > Virus & threat protection > Manage settings, shuka hadi Exclusions. Futa kila kilichoandikwa humo ambacho hukukiweka wewe. Rudi nyuma, ingia Scan options, endesha ukaguzi wa offline. Mashine itajizima na kujiwasha yenyewe.

Kama Windows yenyewe nayo ni ya kukraki, angalia hili kabla hujakata tamaa. Laptopu iliyotoka kiwandani na Windows 10 kwa kawaida ina ufunguo wake halali ndani ya ubao mama, hata kama fundi aliiwekea nyingine juu yake. Fungua PowerShell uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ikirudisha herufi na namba 25, leseni unayo. Tengeneza flashi ya kusakinishia kwa kifaa cha Microsoft chenyewe, hifadhi mafaili yako nje, sakinisha upya, na Windows itajitambua ikipata intaneti.

Mashine ikishakuwa safi, badilisha manenosiri, na hii ifanye kwa simu au kompyuta ambayo haikuwahi kuwa na programu ya kukraki. Anza na barua pepe, maana kwa hiyo mtu anaweza kuomba manenosiri mengine yote, kisha benki, kisha NeST, Ajira Portal na mifumo mingine unayoingilia kazini.